Adesi ya Kioo: Tafakuri juu ya Kukuza na Kuthamini

Babu yangu alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele katika Mji Mkongwe wa Unguja, chenye meza iliyoelekezwa dirishani ili ipate nuru ya asubuhi, na juu ya meza hiyo palikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi. Kazi ilipoanza, alichukua kioo kidogo kilichotiwa ndani ya kikopo cheusi, akakibana baina ya shavu na nyusi, akainama. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka sita au saba, niliingia mbio kumweleza habari ambayo kwangu ilikuwa kubwa kuliko saa zote za dunia. Nikasimama mbele yake. "Babu!" Hakuinua kichwa. "Babu, nitazame!" Akajibu kwa upole, uso wake ukiwa bado umezama ndani ya saa: "Ngoja, baba. Nikivaa hiki mimi sikuoni."

Habari yenyewe nimeisahau. Jibu lile sikulisahau, ingawa kwa miaka mingi nililichukulia kuwa neno la kawaida la fundi aliyeshughulika. Lilinirudia nikiwa mtu mzima, mbali sana na bahari, katika mji mdogo wa Maganzo, kwenye njia itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui.

Nilikuwa nimekwenda mkoa ule kwa shughuli za ualimu, na mwenyeji wangu alitaka nisiondoke bila ya kuona almasi. Tukaketi katika kibanda cha mnunuzi. Akaingia mchimbaji mdogo, mtu wa makamo, miguu imepakaa vumbi hadi magotini, akafungua kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na kijiwe kisichozidi punje ya mtama. Mnunuzi alikinyanyua kwa koleo, akaleta lenzi jichoni, akakisogeza kile kijiwe mpaka kikakaribia kugusa kioo. Ukawa kimya. Mchimbaji hakulitazama jiwe lake. Alikuwa akiutazama mdomo wa mnunuzi, kama mgonjwa anavyoutazama mdomo wa tabibu. Na mnunuzi, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kupeana mkono, hakuwa akimwona.

Basi suali ninalotaka kulizungumza na msomaji ni hili: mtu anayetazama kwa lenzi, je, anawajibika kwa kile ambacho lenzi imekiacha nje?

Kabla ya kulijibu yafaa tujue kitu chenyewe hufanya nini, maana wengi wetu tumekishika na wachache tumekiuliza. Jina lake limetoka jikoni. Kwa Kilatini neno lens maana yake ni adesi, na Waarabu nao huiita lenzi kwa neno lile lile lililotupa sisi adesi tunazozipika kwa nazi. Kwani kioo kilichobinuka pande zote mbili, kinene katikati na chembamba ukingoni, kina umbo la punje ya adesi. Karati nayo, kipimo cha almasi ambacho ni sawa na gramu 0.2, asili yake ni mbegu ya mkharubu. Kwa hiyo kifaa cha kulitazamia jiwe na kipimo cha kulipimia vyote viwili ni jamaa ya kunde. Sijui kama matajiri wa Antwerp wanalikumbuka hilo.

Nuru husafiri hewani kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ikiingia katika kioo hupungua mwendo, ikabaki na kilomita 200,000 hivi; na katika almasi hubanwa zaidi, ikafika takriban 124,000. Huko kupunguza mwendo ndiko kunakoipinda, na aliyekulia pwani hahitaji maabara ili kulifahamu jambo hili. Wimbi linalokuja mshazari kutoka maji makuu, upande wake uliotangulia kugusa maji madogo hupunguza mwendo, upande wa nyuma ukabaki na kasi yake, na wimbi zima likageuka kuuelekea ufuko. Ndiyo maana mawimbi hutujia yakiwa karibu sambamba na mchanga hata siku ambayo upepo unavuma wa ubavuni. Tena, penye fungu la mviringo lililozama, mawimbi yanayopita juu yake hukunjwa kutoka pande zote mbili, yakakutana nyuma yake, na hapo bahari huinuka ghafla ilhali kandokando imetulia. Fungu lile ni lenzi ya maji. Adesi ya kioo hufanya hivyo hivyo kwa nuru: mwali unaopita katikati huenda moja kwa moja, ile ya ukingoni hupindwa zaidi, na yote hukusanywa mahali pamoja, ambapo wanafizikia wetu hupaita fokasi. Ibn Sahl wa Baghdad aliandika juu ya vioo vya kuunguzia mnamo mwaka 984, naye aliijua kanuni ya kupinda huko zaidi ya miaka 600 kabla ya Wazungu kuipa jina la mtu wao.

Sasa, lenzi mbinuko hutoa taswira za namna mbili, na tofauti ya namna hizo ndiyo inayonishughulisha. Kitu kikiwa mbali, nje ya fokasi, miali yake hukutana kwelikweli upande wa pili. Weka karatasi pale inapokutana, utaliona dirisha la nyumba yako limechorwa pale, na mti ulio nje, na mpita njia. Hiyo huitwa taswira halisi. Ila imepinduka: mti umening'inia na mpita njia anatembea kichwa chini. Kitu kikisogezwa karibu, ndani ya fokasi, miali haikutani tena. Hutoka kwenye lenzi ikiwa bado inatawanyika, na jicho, kwa kuwa limezoea nuru inayokwenda sawasawa, huifuata kinyumenyume hadi mahali ambapo ingeanzia lau kama isingepindwa. Hapo huona kitu kikubwa, kimesimama wima, safi kabisa, mahali ambapo hapana kitu. Ukiweka karatasi hapo hutapata chochote. Jiwe kubwa alilokuwa akilitazama mnunuzi wa Maganzo lilikuwa la namna hii ya pili: taswira ya kudhaniwa.

Sisi watu wa ushairi tulilichukua neno taswira tukalifanya letu, na mara nyingi husemwa kwamba kazi ya mshairi ni kuyakuza mambo. Iwe hivyo. Lakini lenzi inatuonya kwamba taswira iliyo halisi hutujia kichwa chini, na iliyosimama vizuri haipo pale inapoonekana.

Wala sisemi kwamba lenzi hudanganya. Ufa alioukuta mnunuzi ndani ya jiwe ulikuwamo kweli. Lililo la ajabu ni mahali pa kukomea. Lenzi ya wathamini wa almasi duniani kote hukuza mara 10. Kioo chake kina fokasi ya milimita 25 tu, na zilizo bora hutengenezwa kwa vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, ili ukingo wa taswira usipotoke wala kutoa rangi isiyokuwamo. Na sheria ya biashara ni kwamba almasi ambayo mjuzi haoni dosari ndani yake wala juu yake kwa kukuza mara 10 huitwa isiyo na dosari. Ikuze mara 40, au mara 100, na huenda dosari zikajitokeza moja baada ya moja. Hakuna anayefanya hivyo ili kuishusha. Watu walikubaliana: hapa ndipo tutakapoacha kutazama. Basi ukamilifu wa jiwe, ambao tumeutungia mashairi na kuwafananisha nao wapenzi wetu, nusu yake ni sifa ya jiwe na nusu yake ni mapatano ya wanadamu kuhusu kiasi cha kuchungua. Nami nilipolijua hilo, sikuacha kujiuliza: je, kwa binadamu tumepatana mara ngapi?

Mwadui ni mahali pazuri pa kuuliza. Bomba la mwamba wa volkano ya kale alilolikuta pale mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, lina eneo la hekta 146 hivi, na ni miongoni mwa mabomba ya almasi makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa duniani. Mwezi wa Oktoba 1947 lilipatikana humo jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5, ambalo Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Lilikatwa London mwaka uliofuata, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Hesabu ni nyepesi: zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka. Hiyo ndiyo bei ya kumeta. Lenzi huipitisha nuru kwenda mbele, lakini almasi iliyokatwa kwa pembe zinazostahiki huinasa ndani na kuirudisha usoni kwa anayeitazama; na ili irudishe, lazima ipunguzwe.

Utotoni, mimi na wenzangu tulikuwa tukiiba kioo cha babu kuunguzia karatasi juani. Wenzangu waliutazama moto. Mimi nilishangazwa na kivuli. Kioo ni safi, hakizuii nuru, vipi basi kikawa na kivuli cha mviringo kuzunguka kile kitone cheupe? Baadaye nikafahamu kwamba kivuli kile ndicho kilicholipia kitone. Lenzi haizai nuru; huchukua iliyokuwa ya duara zima ikaipa nukta moja. Pambo lile lilipokuwa likimeta London, duara lake lilikuwa Kishapu na Shinyanga. Na katika duara hilo walikuwamo watu wa vijiji jirani walioingia kwenye eneo la mgodi kutafuta mawe, ambao kwa miaka mingi nani aliwatazama? Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi, ilikubali suluhu ya jumla ya pauni milioni 4.3, pamoja na gharama za kisheria na miradi ya jamii, kufuatia madai yaliyopelekwa Uingereza na Watanzania waliosema walipigwa, walipigwa risasi na kufungiwa na walinzi. Ilikubali bila ya kukiri dhima ya kisheria. Majina ya wadai hayakutajwa, na ni vyema yalivyositiriwa. Hata hivyo inaniuma kwamba jiwe la waridi lina jina na historia hadi ya gramu.

Hata thamani ya mawe yenyewe si imara kama mawe. Septemba 2017 shehena ya karati 71,654.45 kutoka Mwadui ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zake zilitaja thamani ya dola za Marekani milioni 14.8 hivi, serikali ikasema ni milioni 29.5. Kampuni nayo ikajibu kwamba uthamini haufanywi nayo bali na chombo cha serikali yenyewe. Nani alikuwa na haki si kazi ya insha hii. Mimi natazama tu kwamba mawe yalikuwa yale yale, na lenzi ni za mara 10 zile zile, na bei zikawa mbili, moja karibu maradufu ya nyingine. Bei ilikuwa imesimama nyuma ya jiwe, mahali ambapo ukiweka karatasi hupati kitu.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Tangu mwaka 2007 hivi, katika ardhi hiyo hiyo ya Shinyanga, Mwanza na Geita, ambayo ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012, watu wenye ualbino waliwindwa. Waganga wa uongo waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya watu hao huvuta dhahabu, almasi na samaki. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitaja zaidi ya watu 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000. Mwaka 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Ripoti ya Msalaba Mwekundu ya mwaka huo huo ilitaja bei iliyokuwa ikisemwa kwa mwili mzima. Wengi wameinukuu. Mimi siinukuu, kwani bei ikishaandikwa huanza kusimama wima, na nimeshaeleza taswira za namna hiyo zinavyofanya kazi.

Tafakari: katika wilaya ambamo punje ya jiwe hutazamwa mara 10, ufa wake ukaandikwa, rangi yake ikapewa daraja, mwanadamu hakutazamwa hata mara moja. Palitazamwa ngozi peke yake. Na kabla ya hayo, na sambamba nayo, vikongwe wa Usukumani waliuawa kwa sababu ya wekundu wa macho yao, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka waliyowapikia wengine. Kuyachungua macho yale kungetosha kuonyesha moshi.

Nisije nikaonekana kuwanyooshea kidole watu wa bara. Visiwani kwetu, mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, umati uliamini umemkamata na ukamuua mtu mgonjwa wa akili asiye na hatia. Walikuwapo wenye elimu zao pale.

Msomaji atasema: lakini kila kutazama ni kubagua. Daktari anayeondoa mtoto wa jicho akianza kuwatazama ndugu wa mgonjwa, mgonjwa atapofuka. Babu asingeitengeneza saa hata moja kama angeinua kichwa kila nilipoingia. Nakubali, na sitaki kumhukumu mnunuzi wa Maganzo kwa dakika mbili alizokuwa na lenzi jichoni, jiwe lilimhitaji. Namhukumu kwa dakika ya tatu. Aliishusha lenzi, akataja kiasi, akahesabu noti juu ya meza, akaanza kuzungumza na mwenyeji wangu habari za mvua; na yule mtu alikuwa bado amesimama. Ndipo nilipolielewa jibu la babu, takriban miaka 40 baada ya kulisikia. Alisema "sikuoni". Hakusema kwamba sipo. Alijua kioo kimemnyima nini, akalitamka, na neno "ngoja" lilikuwa deni, nalo alilipa: saa ilipokwisha alikivua kikopo, jicho likiwa na duara jekundu, akanivuta kwa mkono akaniuliza nilikuwa nikisemaje. Nadhani wajibu wa mtazamaji unaanzia hapo. Lenzi haina lawama kwa udogo wa duara lake, lakini aliyeishika anajua ukingo uko wapi.

Siku mbili baada ya Maganzo nilikwenda Buhangija, mjini Shinyanga. Ni shule ya msingi iliyokuwa ikiwapokea watoto wasioona na wasiosikia, na tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 imewahifadhi pia watoto wengi wenye ualbino waliopelekwa huko kwa usalama wao. Uoni wa watoto hawa huwa hafifu kwa sababu ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopambanua vitu vidogo haikukomaa, na nuru huwaingia kupita kiasi. Miwani huwasaidia kidogo tu. Kioo cha kukuzia hakiliponyi jicho, lakini huitandaza herufi ikawa kubwa kiasi cha kusomeka na jicho lile lilivyo. Ni adesi ile ile, kwa kanuni ile ile ya Ibn Sahl.

Nilimkuta kijana mmoja wa darasa la nne ameinamia kitabu, kofia pana kichwani, kioo chake ni kikubwa kama kisahani cha kikombe. Vikubwa namna ile havikuzi sana, ila humpa mtu mstari mzima. Akanisikia mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

Hakujibu. Alikuwa amekinyoosha kioo mbele yake kwa urefu wa mkono, akinielekezea mimi niliyesimama mlangoni, jua likiwa nyuma yangu. Akacheka. "Mwalimu, umening'inia kama popo. Sogea." Nikasogea. "Bado. Sogea tena." Nikasogea hadi kwenye dawati lake. "Sasa umekuwa moshi, sikuoni kabisa. Usisimame hapo, sogea." Nikainama mpaka uso wangu ukawa shubiri moja kutoka kwenye kioo, nami kwa upande wangu nikaliona jicho lake, kubwa, likitikisika taratibu kama mashua iliyofungwa gatini. Akanyamaza kidogo, akinichungua.

"Kumbe una mvi," akasema.